Tanzia Mbili za Fundi Kondo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae nisubiri, nikakaa hadi saa ya chakula bila kujua namsubiri nani. Ilikuwa ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, msimu umeshachanganya, malori yamepanga foleni kutoka getini hadi barabara kuu, na kila aliyepita mlangoni alikuwa na nyuzi nyeupe kichwani mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimevaa sketi nyeusi niliyoazimwa na dada yangu. Kufika mchana ilikuwa ya kijivu, na mimi nilikuwa karibu kulia.

Ndipo akatokea Meneja wa Kiwanda, mzee mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza kwa sababu ya kuvuta vumbi la pamba miaka mingi.

"Wewe ndiye mpiga chapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Piga tangazo. Waambie vibarua wasilale juu ya pamba ghalani, ni hatari."

Nikapiga tangazo lenye "inapigwa marufuku" na "hatua kali zitachukuliwa," nikampelekea huku nimejaa sifa. Alilisoma, akanirudishia.

"Hili ni la polisi. Umewahi kuona mtu akimsikiliza polisi kwa kupenda? Andika kama unamwambia kaka yako anayelala juu ya pamba."

Nililiandika upya. Nimefanya kazi ya mawasiliano maisha yangu yote, nimepelekwa semina Mwanza na Dodoma, nimepewa vyeti, na sijafundishwa kitu kilichozidi kile cha siku ya kwanza. Ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mnaoitwa maafisa kabla hamjajua wafanyakazi wanakula nini mchana, naomba mnisikilize kidogo. Siandiki ili kujisifu. Naandika kwa sababu nina jambo linaniuma.

Wakati ule habari za kampuni zilipita njia tatu. Kulikuwa na ubao wa matangazo karibu na bomba la maji, kwa kuwa hakuna asiyekwenda bombani. Kulikuwa na waraka, yaani barua moja iliyopelekwa kwa wote, ambayo kwa kawaida ilifika vituoni ikiwa imefungiwa karanga. Na kulikuwa na redio ya upepo, tuliyotumia kuongea na vituo vya kununulia pamba, mmoja akisema na mwingine akingoja aambiwe "ovaa." Nilipelekwa kuwa karani katika kituo cha Lalago, na baadaye katika ofisi ndogo ya Lagangabilili, kabla sijarudishwa Bariadi na kupewa cheo cha Afisa Mawasiliano ya Ndani.

Huko Lalago ndiko nilikofahamiana na Masunga. Alikuwa mpimaji, mtu wa mizani, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyekulia nyuma ya maksai. Kila mkulima aliyeleta pamba alipitia kwake, na kila mmoja aliondoka akicheka, hata yule aliyeambiwa pamba yake haifai. Masunga hakujua kusema jambo zito bila kulizungushia mzaha. Nilidhani ni tabia yake tu. Baadaye niliona kuwa ndiyo ilikuwa njia yake ya kufanya kazi.

Kiwanda na vituo havikupendana. Kila msimu ilikuwa hivyo hivyo. Vituo vililalamika kwamba malori yao yanasota getini kwa kuwa kiwanda kinakwenda kwa kujivuta. Kiwanda kilijibu kwamba pamba ya vituoni ni chafu na inaharibu mashine. Malalamiko yaliandikwa kwa barua zenye nakala kwa kila mkubwa, na kila barua ilizaa nyingine kali zaidi. Nilizipiga chapa barua hizo mimi mwenyewe. Hakuna hata moja iliyosafisha pamba.

Kisha kikaja kipindi cha kompyuta na simu za kuteleza kwa kidole, na makao makuu kule Dar es Salaam yakaamua tuwe na blogu ya ndani. Kwa asiyejua, blogu ya ndani ni ukurasa wa mtandao usiosomwa na mtu wa nje. Mfanyakazi anaingia kwa nywila yake, anakuta maandishi yamepangwa, la karibuni likiwa juu. Kila andiko linaitwa chapisho, na chini yake wasomaji wanaweka maoni yao. Machapisho ya aina moja unaweza kuyapa lebo, yaani jina la pamoja, ili atakayeyatafuta ayapate yote kwa mkupuo. Mimi nikafanywa msimamizi wa ukurasa. Meneja wa Mifumo alikuja kunifundisha, kijana mpole aliyeogopa mbwa wetu wa getini.

"Mama, kumbuka jambo moja," aliniambia. "Ukifuta chapisho, maoni yote yaliyo chini yake yanakwenda nalo. Hayarudi hata ukilia."

Miezi ya mwanzo blogu ilikuwa kama nyumba mpya isiyohamiwa. Niliweka salamu za Mkurugenzi za sikukuu. Niliweka picha za kikao. Hakuna aliyetia neno. Nilianza kuona aibu kila nikifungua ukurasa.

Aliyefungua mlango ni Masunga. Siku moja aliandika hivi kutoka Lalago: "Ndugu wafanyakazi, mwangaluka. Naomba kuuliza kama kiwanda kimehamia Kisarawe. Malori yetu yamesimama hapo getini mpaka madereva wameanza kuoa. Nasikia rola zimelala. Ni rola au ni fundi? Mwenye nazi ampelekee anuse, huenda akaamka."

Fundi aliyetajwa alikuwa Kondo, fundi mkuu wa mitambo, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja Bariadi kwa mkataba wa msimu mmoja akabaki. Mfupi, mweusi tii, mwenye kipande cha pamba sikioni kuzuia kelele za mashine. Sasa hapa lazima niwaeleze ninyi mliokulia mijini. Msukuma na Mzaramo ni watani, tangu enzi za babu zetu waliokwenda pwani kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, kukutangazia ulafi msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umekosa wewe.

Kondo alijibu kabla chai yangu haijapoa: "Mtumwa wangu Masunga, rola hazijalala. Ngozi zake zimelika kwa mchanga unaokuja na pamba ya Lalago. Hebu niambie, mnavuna pamba au mnachimba kisima? Punguza viazi vya matobolwa, ukashiba sana huoni mizani."

Kiwanda kizima kilicheka. Watu waliokuwa hawajui hata nywila zao walikuja ofisini kwangu kuziulizia. Lakini tazameni kilichotokea. Rola ni ile mihimili inayovuta nyuzi na kuacha mbegu, nazo zinavikwa ngozi. Mchanga ukiingia, ngozi inakwisha upesi na mashine inasimama. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye barua nyingi zenye nakala kwa wakubwa, na vituo vililisoma kama tusi. Safari hii Masunga alisoma, akacheka, akainuka kwenda kuangalia. Akakuta wakulima wanaanika pamba juu ya udongo mtupu. Akawaombea maturubai, na kabla ya mwisho wa wiki akaandika: "Mzaramo, pamba inayokuja kesho imelalia turubai. Wewe umelalia nini?"

Tangu hapo blogu ikawa hai. Nikayapa machapisho yao lebo ya "Watani," na ndiyo ilikuwa inafunguliwa kuliko zote. Watu waliingia kutafuta mzaha, wakatoka na habari za kazi: mashine ipi imesimama, kituo gani kimeletewa pamba iliyomwagiwa maji, lori gani limekwama kwenye matope. Mambo ambayo mtu asingethubutu kumwambia mwenzake uso kwa uso, Masunga na Kondo waliyasema mbele ya kampuni nzima na hakuna aliyekasirika. Walikuwa hawapigiani simu. Walikuwa hawatembeleani sana. Lakini Kondo akipata mtoto, Masunga alituma jogoo na ujumbe kwamba jogoo ndiye baba. Niliwapenda wote wawili, na niliona fahari kuwa ukurasa wao uko mikononi mwangu.

Meneja wa Kiwanda mzee yule, siku anaondoka kustaafu, alipita mezani kwangu akasema, "Umeona? Sasa wanasoma hadi mwisho."

Basi ikatokea Kondo aliugua malaria, akalala nyumbani siku chache. Masunga akapata habari. Asubuhi nikafungua blogu nikakuta: "TANZIA. Uongozi wa kituo cha Lalago unasikitika kutangaza kifo cha Fundi Kondo wa Bariadi, kilichotokea baada ya kutaniwa na mbu mmoja tu. Marehemu ameacha spana moja na madeni ya nazi. Maziko yatafanyika atakapopatikana Mzaramo asiyechoka wa kuchimba kaburi."

Chini yake Kondo mwenyewe alikuwa ameshaandika: "Nimesoma tanzia yangu nikinywa uji. Mtumwa wangu, ulivyo mchoyo hata kuniua unaniua kwa maneno tu. Leta ng'ombe wa matanga, mnene, mimi marehemu nitamchagua mwenyewe." Na chini ya hapo watu wa Lagangabilili, wa Maswa, wa ghala, wote wamo, mmoja anaomba kurithi baiskeli.

Nilicheka hadi nikatoa machozi. Sikujua kwamba wakati uleule, Dar es Salaam, Mkurugenzi wetu mpya alikuwa amesoma mstari wa kwanza tu kwenye simu yake akielekea kikaoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Akawaambia wakuu wa idara kwamba kampuni imempoteza fundi wake wa siku nyingi, akawaomba wasimame, wakasimama na vichwa wameinamisha. Halafu, kwa moyo mzuri kabisa, akapiga namba ya Kondo mbele ya wote, simu ikiwa kwenye spika, ili aifariji familia.

"Naongea na nani?" aliuliza.

"Kondo."

"Kondo yupi, ndugu?"

"Marehemu," Kondo akajibu. Alidhani ni mmoja wa Wasukuma wake.

Walioshuhudia wanasema ukumbi mzima uliangua kicheko, na kwamba Mkurugenzi alitabasamu kidogo, akakaa, na hakusema tena hadi kikao kikaisha. Huyo ndiye mtu aliyekuwa ameaibishwa. Si Kondo.

Wiki iliyofuata alikuja Meneja Rasilimali Watu kutoka makao makuu. Rasilimali watu ni idara ya ajira na nidhamu. Zamani tuliiita utumishi. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye heshima, na kompyuta yake ilikuwa na sera ya blogu tayari imeandikwa. Tuliitwa watatu: Masunga, Kondo na mimi.

"Utani naujua," alisema, "hata mimi nina watani wangu. Lakini hii ni kampuni. Mtu ametangaziwa kifo na kudhalilishwa kwa kabila lake, kwenye mtandao wa kazi. Masunga, una mawili. Uandike kuomba radhi kwa Fundi Kondo, hadharani, kwenye ukurasa uleule. Au ajira yako iishie hapa."

Masunga alitazama viatu vyake. Alikuwa na watoto shuleni na mama mzee Lalago, na wala hakuwa kijana wa kuanza kutafuta kazi.

Kondo ndiye aliyesimama. "Mama meneja, samahani. Huyu hajanikosea."

"Huenda hujioni kama umekosewa, Fundi. Sera inakulinda wewe."

"Inilinde na nani? Huyu ni mtani wangu. Mtani akishaniomba radhi, utani umekwisha, sina tena mtani. Nawaomba, nikateni mshahara mimi. Mkimwambia aniombe radhi mtakuwa mmeniua kweli."

"Tusitumie maneno makubwa, Fundi."

Mimi nikasema niliyoweza. Nikamweleza habari za mchanga na maturubai, nikamwambia kwamba ule mzaha ndio umefanya pamba yetu iwe safi, nikamsihi tuweke tu onyo dogo kwenye machapisho ya utani ili wageni wasidanganyike. Alinisikiliza hadi mwisho, akaandika, akanishukuru kwa mchango wangu. Halafu akaniagiza nifute ile tanzia pamoja na kila chapisho lenye lebo ya "Watani." Kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga vizuri, kazi ile ilikwisha kwa kubofya mara moja. Maneno yote ya Kondo yalikuwa kwenye maoni, chini ya machapisho ya Masunga. Yakaenda nayo.

Masunga aliandikia mezani kwangu, kwa vidole viwili, na meneja amesimama nyuma yake. Nayakumbuka maneno yake hadi leo: "Mimi Masunga, mpimaji wa kituo cha Lalago, namwomba radhi ndugu Kondo kwa yote niliyowahi kumwandikia. Hayakuwa ya kweli wala ya heshima, na sikuyamaanisha. Sitarudia." Nikaagizwa nilibandike chapisho hilo juu kabisa ya ukurasa likae hapo msimu mzima.

Kondo alikaa siku kadhaa bila kujibu. Meneja akapiga simu kuuliza kwa nini aliyeombwa radhi hajaonyesha kupokea. Ndipo Kondo akaandika neno moja chini yake: "Nimepokea."

Siku niliyowaona wamekutana getini baada ya hapo, nilitamani ardhi inimeze. Masunga alikuwa ameshuka kwenye lori la pamba. Kondo alikuwa anatoka karakana, akifuta mikono.

"Habari za kazi, ndugu Kondo."

"Nzuri, ndugu Masunga. Familia hawajambo?"

"Hawajambo, nashukuru. Na wewe pole na majukumu."

Wakapeana mikono, wakapitana. Wanaume wale hawakuwahi kuitana ndugu maisha yao. Nikaingia chooni nikalia.

Blogu haikufungwa. Iliendelea na iko hadi leo, safi na yenye heshima. Tunaweka heri ya kuzaliwa, tunaweka sera, tunaweka picha za Mkurugenzi akikabidhi madawati. Mchanga ulirudi kwenye pamba msimu uliofuata, na hakuna aliyeuliza kwenye ukurasa. Barua zikarudi, na nakala zake. Makao makuu yakaleta mtaalamu wa kutufundisha namna ya kuongeza ushiriki wa wafanyakazi, akatuchorea miduara ukutani. Nilikaa nyuma nikatazama ile miduara nikachoka hata kukasirika.

Kondo alianza kuugua kifua. Mafundi wengi wa mitambo ile huishia hivyo, lile vumbi halimwachi mtu. Alikuwa amejenga Ngulyati, na mkewe, Mama Zuhura, alikuwa ameshajifunza Kisukuma cha kumtosha kugombana sokoni. Nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Dada Minza," aliniambia, "mimi sirudi Kisarawe. Nitazikwa hapahapa kwa watumwa wangu. Ila mwambie yule wa Lalago aje azuie jeneza langu. Agome kabisa. Adai ng'ombe, adai spana yangu, aniite mvivu. Asipofanya hivyo nitakuwa nimezikwa na wageni."

Hiyo ni ada. Mtani akifiwa na mtani wake huzuia jeneza, huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, na wafiwa hucheka katikati ya kilio. Mzaramo aliyezikwa bila hayo kati ya Wasukuma, kwa wenyewe ni kama amezikwa njiani.

Nilimpigia Masunga nikampa ujumbe.

"Nimesikia, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nitakuja."

Kondo alifariki alfajiri ya siku ya mnada. Ilikuwa kazi yangu kuandika tanzia. Nikaanza: "Uongozi wa kampuni unasikitika kutangaza kifo cha Fundi Kondo wa Bariadi," na vidole vikakataa kuendelea, maana maneno yale niliyajua. Lakini tanzia ina namna yake ya kuandikwa, na sikuwa na namna nyingine. Nikaituma.

Maoni ya kwanza yalitoka Lagangabilili: "Afadhali! Utani umerudi! Fundi, amka unywe uji." Ya pili yalitoka ghalani: "Masunga, karibu tena baba, tulikumisi." Mwingine akauliza kama ile baiskeli bado haijarithiwa. Walifurahi. Baada ya muda wote ule walifurahi, na ilinibidi mimi niandike chini yao: "Jamani, safari hii ni kweli."

Tulimzika Ngulyati mchana uleule, kama dini yake inavyotaka. Watu wa kiwanda walikuja kwenye malori, na pamba za nguoni hawajakung'uta. Jeneza lilipotolewa ndani, vijana wawili wa Kisukuma waliruka mbele na kuweka jembe njiani. "Hapiti mtu hapa! Mzaramo huyu tunamdai!" Ila hawakuendelea. Waligeuka wakamtazama Masunga. Wote tulimtazama Masunga.

Alisogea hadi kwenye jeneza. Akaweka mkono juu yake. Niliona midomo yake ikifunguka, na nikasema moyoni, sema, mtukane, mwite mvivu, mwite lolote. Wabebaji walisimama na uzito ule begani wakisubiri. Hakuna kilichotoka. Mwishowe akaondoa mkono, akaliokota lile jembe yeye mwenyewe na kuliweka kando, akaenda kwa Mama Zuhura pale walipokaa wanawake, akainama.

"Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu."

Mama Zuhura alikuwa hajalia tangu asubuhi. Alimtazama kama aliyepigwa kofi.

"Hata wewe, Masunga? Hata wewe unanipa pole?"

Akaanza kulia kilio ambacho sitaki kukieleza. Jeneza likapita.

Baada ya maziko nilimkuta Masunga amekaa kwenye tofali nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hasira naye, nisiwafiche. Nilimwambia, "Alikuomba kitu kimoja tu."

"Ningeanzia wapi, Minza?" alisema. "Nilishamwandikia kwamba sikuyamaanisha. Alishasema amepokea. Leo nimwite mvivu, atanielewaje? Nitakuwa namtukana maiti."

Nikakaa kwenye tofali la pili.

Nimestaafu mwaka huu. Walinifanyia hafla, wakanipa godoro na maneno mazuri, na binti aliyechukua nafasi yangu akaniuliza mbele ya watu nina ushauri gani kuhusu blogu ya ndani. Nikasema yale ya kawaida: andika kwa ufupi, jibu maoni mapema, usiweke picha za wakubwa peke yake. Watu wakapiga makofi. Ningesema nini zaidi ya hapo? Kwamba wafanyakazi wana namna zao za kuambiana ukweli, kongwe kuliko kampuni, na ukiwapa ukurasa watazileta humo, na usipozijua utazifuta ukidhani unasafisha? Hafla haikuwa mahali pake. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Jioni ya siku ile, kabla sijakabidhi nywila, nilifungua ukurasa kwa mara ya mwisho kama msimamizi. Nilikuwa nimekusudia jambo. Nilirudi nyuma hadi kwenye lile chapisho la Masunga la kuomba radhi, ambalo halikuwahi kuondolewa. Nilitaka lisibaki. Nilitaka angalau hilo niwafanyie wale wawili. Nikabofya pa kufutia, na mashine ikaniuliza kama nina hakika.

Nikateremka chini kidogo. Kondo: "Nimepokea." Nikatafuta jina lake ukurasa mzima, msimu hadi msimu. Hapakuwa na kingine alichoandika kilichobaki. Lile neno moja tu, na lilikuwa chini ya lile chapisho.

Nikajibu hapana, nikafunga, nikampa binti nywila.